Dume Hatungishi Mimba: Tafuta Mbegu Ilipokwama

Juzi baada ya isha nilikuwa nimekaa barazani hapa Langoni, Lamu, simu ikaleta ujumbe wa sauti. Alikuwa mpwa wangu, anasoma shahada ya pili ya baiolojia huko bara. "Mjomba, shikamoo. Nimezima jeni moja kwenye panya wangu. Madume wanne nimewaweka na majike miezi mitatu sasa, hata mtoto mmoja sijaona. Si ndiyo kusema jeni hii ni ya uzazi?" Nikamjibu kwa sauti vilevile: marahaba mama, lakini umeanzia mwisho.

Nilitunza panya wa maabara Nairobi kwa zaidi ya miaka 20 kabla sijastaafu nikarudi kisiwani, na swali hilo nimelisikia kwa watafiti wa kila namna. Kila anayezima jeni hutamani iwe ndiyo yenyewe. Lakini "dume hazalishi" ni sawa na mwenye boti anayefika gatini akasema "mashine haiwaki". Fundi hajaambiwa kitu bado. Ataangalia petroli, ataangalia plagi, na kufungua mashine ni kazi ya mwisho. Mbegu ya kiume ina safari ndefu, na kila kituo kina jeni zake. Kinachotakiwa kwanza ni kujua imekwama kituo gani. Jina la jeni litafuata.

Neno kuhusu mnyama mwenyewe. Kiswahili kinamwita panya huyu wa maabara wa gramu 25 au 30, na kinamwita panya vilevile yule jitu la darini anayewashinda hata paka wa Lamu. Ninayemzungumzia hapa ni yule mdogo, mwenye kromosomu 40.

Kalenda ya kubandika ukutani

Kwa panya, tangu seli mama ianze kujigawa hadi mbegu iliyokamilika iachiliwe ndani ya mrija wa korodani, ni siku 35 hivi. Halafu mbegu husafiri siku kama kumi ndani ya epididimisi, ule mrija mrefu uliojikunja juu ya korodani, na humo ndimo hupata uwezo wa kuogelea na kurutubisha. Kwa binadamu kazi ya korodanini peke yake huchukua siku 70 na kitu. Ukutani mwa mrija vizazi vinne au vitano vya seli hukaa tabaka juu ya tabaka, wachanga pembeni na wakubwa katikati, na mpangilio huo hujirudia kila baada ya siku 8.6. Ukiikumbuka kalenda hii, nusu ya mafumbo yatajifumbua yenyewe.

Kabla ya yote: je, ni dume?

Kwetu pwani nyumba ikikosa mtoto kidole huelekezwa kwa mke. Kwenye chumba cha panya kidole huelekezwa kwenye jeni ya dume. Pande zote mbili watu huhukumu kabla ya kupima.

Chukua dume mwenye jeni nzima, ndugu wa mzao mmoja na huyo unayemtuhumu, umweke na majike walewale, kizimba kilekile, chakula kilekile. Naye asipozalisha, iache jeni yako. Angalia umri: dume wa wiki sita ni mtoto, subiri afike wiki nane. Angalia majike: jike huwa na joto kila siku nne au tano, na majike waliokaa peke yao bila harufu ya dume huweza kukatiza mzunguko huo kabisa. Ukiwatia dume, wengi hupandwa usiku wa tatu. Kisha kuna jambo ambalo Hilda Bruce alilieleza mwaka 1959: jike aliyepandwa karibuni akinusa dume mgeni, mimba huharibika kabla haijashika. Nimemwona mwanafunzi anayebadilisha madume kila baada ya siku mbili "ili kuongeza nafasi", naye ndiye anayezitoa mimba kwa mkono wake.

Na je, una hakika hawazai? Mama mwenye hofu hula watoto wake usiku, asubuhi ukakuta kizimba kisafi. Pima uzito wa jike. Mimba ya panya ni siku 19 hadi 21. Jike aliyenenepa halafu akapungua ghafla bila watoto anakwambia kuwa dume hana kosa.

Halafu joto. Korodani hufanya kazi kwenye ubaridi wa digrii kadhaa chini ya joto la mwili, ndiyo maana zimening'inizwa nje. Mwaka mmoja kiyoyozi cha chumba chetu kilizimika Ijumaa usiku, Jumatatu tukakuta chumba kama tanuri la mkate. Hakuna panya aliyekufa. Majike wakaendelea kushika mimba wiki ya kwanza na ya pili, tukadhani tumesalimika. Wiki ya nne mimba zikakatika. Mtafiti mmoja alikuwa keshaandika ukurasa mzima kuhusu jeni yake, mpaka nilipomwonyesha kuwa hata madume wa kawaida wa kizimba cha jirani nao wamenyamaza. Joto huua zaidi seli zilizo katikati ya safari, zile za mayosisi (mgawanyiko unaopunguza kromosomu zibaki nusu) na mbegu changa za duara. Zilizokwisha kukomaa hutumika kwanza, na pengo huonekana wiki tatu au nne baadaye. Kwa kuwa seli mama zilipona, miezi miwili baadaye watoto walizaliwa kama kawaida. Hiyo ndiyo tofauti ya joto na jeni: ukisubiri siku 50 na zaidi, joto husamehe. Anayetaka kufuga panya Lamu au Malindi bila umeme wa uhakika aliweke hili moyoni. Chumba kinatakiwa kiwe kati ya digrii 20 na 26, na sisi huku kivuli cha mwembe tu kinapita hapo.

Dalili: hakuna kizibo

Dume akipanda, maji ya tezi zake huganda ndani ya uke wa jike yakawa kizibo cheupe au cha manjano. Kitafute asubuhi na mapema, mchana kinaweza kuwa kimedondoka. Wiki mbili za asubuhi bila kizibo hata kimoja maana yake dume hapandi.

Sababu iliyo karibu ni pua. Panya dume asiyesikia harufu hana habari ya jike; waliozimwa jeni ya Cnga2, ambayo seli za pua huihitaji ili kupeleka habari ya harufu, humpita jike kama jiwe. Sababu ya pili ni homoni. Kuna ukoo wa panya uliojulikana tangu miaka ya 1970, waliopotelewa na kipande cha jeni ya GnRH, ile homoni ya ubongoni inayoamrisha tezi ya pituitari. Korodani zao hubaki za kitoto maisha yote. Mwaka 1986 watafiti waliwarudishia jeni hiyo, wakazaa. Na yupo panya wa Tfm, aliyeelezwa na Mary Lyon na Susan Hawkes mwaka 1970: ana kromosomu X na Y, korodani anazo tumboni, lakini mwili hausikii testosteroni, kwa hiyo nje anaonekana jike. Ukiwa na "jike" asiyeshika mimba hata kidogo, mpime kromosomu Y kabla ya kumlaumu mumewe.

Kizibo kikiwepo, usishangilie. Kizibo hutoka kwenye tezi, si kwenye mbegu. Maabara zinazopandikiza viinitete hufuga makusudi madume waliokatwa mirija: wanapanda, wanaacha kizibo kizuri, na hawana mbegu hata moja ndani yake. Kizibo kinakwambia tu kwamba dume ana hamu na ana testosteroni ya kutosha. Basi.

Dalili: kizibo kipo, korodani ndogo kama punje

Hapa unahitaji mizani, wala si mashine ya mamilioni. Korodani moja ya dume mzima ni karibu miligramu 100. Asilimia kubwa ya uzito huo ni seli za mbegu zenyewe, kwa hiyo uzito ni ripoti ya wangapi wapo kazini. Zikiwa hazifiki hata robo, seli za mbegu hazipo au zilikufa mapema sana. Chini ya hadubini utaona mirija myembamba yenye seli za Sertoli tu, wale walezi, wamekaa bila mtoto wa kulea.

Kwanza hesabu kromosomu. Panya wa XXY hupoteza seli za mbegu. Mwaka 1991 watafiti wa London walimtia panya wa XX jeni moja tu, Sry, akawa dume kwa sura na kwa tabia, ila korodani zake zilikuwa ndogo na hazina mbegu. Sry huanzisha udume. Kutengeneza mbegu ni shughuli nyingine. Maabara ya Monika Ward huko Hawaii ililisogeza jambo hili mbali sana: mwaka 2014 walionyesha kuwa jeni mbili tu za kromosomu Y, Sry na Eif2s3y, zinatosha kupata mbegu changa ambazo mtaalamu akizidunga ndani ya yai, mtoto anazaliwa. Mwaka 2016 wakafanya hivyo bila jeni yoyote ya Y, kwa kuziamsha jeni mbili za kwingineko zishike nafasi yake. Mbegu hizo haziwezi kuogelea, tusidanganyane. Kromosomu Y iliyobaki ina kazi yake, na kazi hiyo iko mwishoni mwa safari.

Kromosomu zikiwa sawa, uliza swali la mkulima: ni mbegu au ni udongo? Mfano bora ni panya wa aina ya W na wa aina ya Sl. Wote wawili mirija mitupu, huwezi kuwatofautisha kwa macho. Wa W wana hitilafu kwenye jeni ya Kit, kipokezi kilicho juu ya seli ya mbegu. Wa Sl wana hitilafu kwenye kile kinachokamatana na kipokezi hicho, na hicho hutolewa na walezi. Mmoja mbegu mbovu, mwingine udongo mbovu. Mwaka 1994 Ralph Brinster na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walitoa njia ya kuwatenganisha: walichukua seli mama za dume mzima wakazidunga kwenye mirija mitupu ya madume wagumba, wakiwemo wa W, na zikaota, mpaka madume wale wakazalisha watoto wa damu ya wenzao. Udongo ulikuwa mzuri. Baadaye zile seli chache zilizokwama kwenye korodani za Sl zilihamishiwa kwa panya wa W, nazo zikaota na kutoa mbegu. Sijawahi kuona jaribio linalojibu swali safi kuliko hilo.

Angalizo kuhusu ukoo: hitilafu ileile inaweza kuzungumza lugha mbili. Hitilafu ya Ter kwenye jeni ya Dnd1 huua seli za mbegu kwa panya wa koo nyingi, lakini kwa ukoo uitwao 129 huleta pia uvimbe wa korodani. Kwa hiyo usimlinganishe dume wako wa ukoo mmoja na picha ya makala iliyotumia ukoo mwingine.

Dalili: alizalisha mara mbili tatu, kisha akakoma

Hii huwapita wengi kwa sababu jedwali lao lina safu ya "amezalisha: ndiyo". Akizalisha ujanani halafu mirija ikaanza kuwa mitupu, mmoja hapa mmoja pale, hazina ya seli mama inakwisha bila kujazwa. Ndivyo ilivyo kwa panya wa luxoid, waliokosa jeni ya Plzf: mawimbi ya kwanza ya mbegu yanatoka, halafu kisima kinakauka. GDNF, protini ya walezi inayoziambia seli mama zibaki seli mama, ikipungua hali inakuwa hiyohiyo. Weka tarehe za kila mzao na idadi ya watoto.

Na kama zimebaki seli mama peke yake, zimekaa zisisogee mbele, nusa chakula kabla ya kutaja jeni. Panya aliyenyimwa vitamini A husimama hapo hapo, maana asidi ya retinoiki inayotokana na vitamini hiyo ndiyo huiamsha Stra8, jeni ya kufungulia mlango wa mayosisi. Mrudishie vitamini, mirija yote itaanza kwa pamoja kama watoto wa chuoni waliosikia kengele. Jeni iliyokufa haitibiki kwa chakula.

Dalili: korodani ni thuluthi moja ya kawaida, epididimisi haina mbegu

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo madume wengi waliozimwa jeni hukwama. Seli mama zipo, zinajigawa, zimeingia mayosisi, halafu zinakufa zote kwa wakati mmoja. Ukitazama kipande chembamba cha korodani utaona tabaka la nje limejaa, na ndani yake seli zilizosinyaa, kiini kimekolea rangi. Mbegu changa za duara hakuna hata moja.

Mayosisi ni kazi ya kupatanisha. Kila kromosomu ya baba itafute pacha wake wa mama, washikamane urefu wote, wabadilishane vipande, ndipo waachane sawasawa. Kushikana huko huanza kwa jambo la kushangaza: seli inajikata DNA yake yenyewe, mamia ya mahali, kwa kimeng'enya cha Spo11. Bila Spo11 hakuna mikato, na bila mikato mapacha hawapatani. Dmc1 huja kutengeneza mikato kwa kutafuta mfano kwa pacha. Ikikosekana, mikato inabaki wazi. Sycp3 ni kama taruma za mashua, mbavu zinazoshika kila kitu mahali pake. Ukiizima yoyote kati ya hizi, dume hana mbegu.

Utazitofautishaje, ikiwa mwisho ni mmoja? Kwa kupaka rangi na kuuliza mambo mawili: mikato ipo? na mapacha wameshikana? Mikato hakuna na mapacha hawajashikana: fikiria Spo11 na wenzake. Mikato tele isiyofungwa: fikiria Dmc1 na mafundi wengine wa kurekebisha.

Kisha nenda kwa dada zake. Mwanafunzi husahau kabisa kuwauliza dada, na wao ndio mashahidi wazuri. Majike wasio na Spo11 nao hupoteza mayai. Majike wasio na Sycp3 wanazaa, ila watoto ni wachache, kwa sababu mayai yenye kromosomu zisizo sawa yanapita na viinitete vinafia tumboni. Majike wasio na Tex14, jeni ya madaraja yanayounganisha seli za mbegu wakati wa kukua, hawana tatizo la uzazi. Kwa nini dume ndiye anayeadhibiwa zaidi? Jibu moja limo kwenye X na Y. Kwa dume hizi mbili si mapacha, zinagusana ncha tu, kwa hiyo seli huzifungia chumba chao na kuzinyamazisha. Kromosomu nyingine zikishindwa kushikana, vile vifaa vya kunyamazisha vinavutwa huko, X na Y zinabaki zikipiga kelele, na jeni za Zfy za kromosomu Y zikisema wakati huo seli hufa. Jike hana kituo hicho cha ukaguzi.

Wazee wa barazani nikiwaeleza haya huniambia hiyo ni habari ya baghala, na ni kweli inakaribia. Punda wetu hawa wanaopita uchochoroni na mawe ya ujenzi wana kromosomu 62. Farasi ana 64. Baghala, mtoto wao, hupewa 31 na 32, jumla 63, na mayosisi ikifika hakuna anayempata pacha wake sawasawa. Lamu hatuna baghala kwa kuwa farasi hatuna, lakini kila mtu anajua hazai.

Panya nao wana baghala wao, tena wenye kromosomu 40 kamili kwa 40. Ukimpandisha jike wa jamii ya musculus ya mashariki mwa Ulaya na dume wa domesticus ya magharibi, watoto wa kiume wa baadhi ya mseto huo huwa wagumba. Jiří Forejt wa Prague aliifuatilia jeni hiyo tangu miaka ya 1970, na mwaka 2009 yeye na wenzake wakaitambua: ni Prdm9, ile inayoamua mikato ya DNA ikatwe mahali gani. Ilikuwa jeni ya kwanza ya kutenganisha jamii za viumbe kupatikana kwa wanyama wanaonyonyesha. Kwa hiyo kama koo mbili za panya wako zimechanganywa majuzi, ugumba unaouona unaweza kuwa wa mseto. Jeni uliyoizima haimo.

Mshukiwa mwingine wa kituo hiki ni walinzi wa DNA wa ukoo wa Piwi. Mili na Miwi2 huzima vipande vya DNA vinavyorukaruka. Visipozimwa, seli hukwama mayosisi. Ndugu yao Miwi kazi yake ni ya mbele zaidi, akikosekana mbegu hufika umbo la duara ndipo husimama.

Dalili: uzito unakaribia kawaida, mbegu ni chache au zina sura ya ajabu

Mayosisi imepita salama. Sasa ni kazi ya Matondoni, kijiji chetu cha waunda mashua: kuunda chombo. Seli ya duara ijenge mkia, ifungashe DNA, itupe maji yote ya ziada, iweke kifuko cha vimeng'enya omoni. Jeni nyingi za kazi hii huwashwa na jeni iitwayo Crem. Mwaka 1996 ilionekana kuwa panya wasio na Crem husimama kwenye umbo la duara, hakuna hata mbegu moja yenye mkia.

Kufunga DNA ni sanaa peke yake. Histoni, protini za kawaida za kufungia DNA, zinatolewa, protini za mpito zinashika kwa muda, halafu protamini mbili, Prm1 na Prm2, zinakaza kila kitu. Mwaka 2001 iliripotiwa kuwa panya akipoteza nakala moja tu kati ya mbili za mojawapo, uzazi unaharibika. Tena wakati una amri yake: maagizo ya Prm1 huandikwa mapema yakawekwa akiba kwa siku kadhaa, na panya waliolazimishwa kuyatumia kabla ya siku yake walifunga DNA mapema mno, mbegu zikakwama. Ukaze kalafati kabla mbao hazijakaa, uone chombo kitakavyokuwa.

Vichwa vya mviringo visivyo na kifuko cha mbele vinaelekeza kwa Gopc au Dpy19l2, na hii ya pili inajulikana vizuri pia kwa wanaume wenye mbegu za aina hiyo. Mikia mifupi au iliyojikunja ina orodha ndefu mno. Usianze kukisia, piga picha za hadubini ya elektroni uone ni mbavu gani haipo.

Dalili: mbegu tele, zinaogelea, mimba hakuna

Hii ndiyo inayowatoa watu machozi, na mimi ndiyo ninayoipenda. Ukikamua mkia wa epididimisi unapata mamilioni, zinacheza kwenye kioo kama dagaa. Fuata njia zinayopita.

Mfungue jike saa chache baada ya kizibo. Mbegu ziko tumboni mwa uzazi lakini hazikuingia mrija wa mayai? Shuku Adam3, au jeni kama calmegin ambazo husaidia kuikunja Adam3 ipate umbo lake. Zimefika? Basi zikutanishe na mayai kwenye sahani, mara moja mayai yakiwa na ganda lake laini la nje, mara nyingine umelivua. Zikishindwa yenye ganda na kufaulu yaliyovuliwa, nguvu ya mkia haitoshi: ndivyo walivyo panya wasio na CatSper1, mlango wa kalsiamu mkiani uliotangazwa mwaka 2001, ambao bila huo mbegu haipigi yale mapigo makali ya mwisho. Zikipenya ganda halafu zikajazana kati ya ganda na yai, hakuna hata moja inayoungana nalo, mkosaji anaitwa Izumo1. Maabara ya Masaru Okabe huko Japani iliitangaza mwaka 2005 na kuipa jina la hekalu la Izumo, la mambo ya ndoa. Mwaka 2014 ikapatikana protini ya upande wa yai inayoshikana nayo, Juno.

Dalili: anazalisha, lakini hesabu haikai

Dume ana nakala moja nzima na moja yenye hitilafu, unatarajia nusu kwa nusu, unapata karibu watoto wote wamebeba ileile moja. Kabla ya kulaumu vipimo, mfikirie t, sehemu ya kromosomu 17 ambayo baadhi ya aina zake hurithishwa na dume kwa hadi asilimia 99, kwa kuzilemaza mbegu ndugu zisizo nayo. Dume mwenye t mbili, akinusurika, ni mgumba. Majike wakizidi sana kwenye kila mzao, na vichwa vya mbegu vimepinda, angalia kama kipande cha kromosomu Y kimepotea. Watoto wachache kila mara: hesabu kromosomu, huenda mbili zimeungana.

Dalili: jeni imezimwa, dume anazalisha kama hakuna kilichotokea

Hilo nalo ni jibu. Mwaka 2016 maabara ya Masahito Ikawa, Osaka, na wenzao walitangaza jeni 54 zinazofanya kazi hasa korodanini, zimehifadhiwa hata kwa binadamu, na panya dume aliyezimwa mojawapo bado anazalisha. Jeni kuonekana korodanini si ushahidi wa kuwa ni ya lazima.

Mpwa wangu alikaa kimya siku nne. Halafu picha ikaja: mizani, korodani ya ndugu mzima miligramu 98, ya mtuhumiwa 31. Vizibo vimeonekana, epididimisi haina kitu, dada zake wawili wameshika mimba. Nikamwambia sasa tumefika kwenye mayosisi, ila dume mzima ana vizazi vingi vya seli vilivyochanganyikana, utapotea humo. Chukua watoto. Wimbi la kwanza la mbegu huanza mayosisi kama siku ya nane au ya kumi baada ya kuzaliwa, na mbegu za duara hazionekani mpaka karibu siku ya 20. Mtoto wa siku 18 ana kituo kimoja tu cha kutazama.

"Mjomba, wamezaliwa jana."

Basi subiri siku 17, na kiyoyozi kisizimike.